Mapenzi Katikati ya Kitabu cha Ng'ombe

Nyinyi mnaoandika hadithi kwenye simu mkiwa mmejifunika blanketi, na kabla chai haijapoa kitabu kimeshamfikia msomaji aliye Mombasa au ng'ambo, sina ugomvi na nyinyi. Mjukuu wangu mmoja alinionyesha chake juzi. Jalada zuri, jina lake limeandikwa kubwa kama bango la harambee. Akaniuliza, "Shosho, ama ningepeleka kwa mchapishaji kwanza?" Nikamwambia nitafikiria. Ukweli ni kwamba swali hilo hunifanya niangalie chini mpaka leo. Wacha niwaeleze kwa nini.

Kazi yangu ilikuwa kupanga kurasa katika kiwanda kidogo cha kupiga chapa, Nyeri mjini, ghorofani, nyuma ya maduka ya nguo za shule. Mwenyewe alikuwa Mzee Githinji, mtu mfupi, mkimya, aliyenusa karatasi kabla ya kuinunua. Tulichapa kadi za harusi, ratiba za mazishi, vitabu vya risiti, na kalenda za makanisa. Miaka hiyo ya tisini ndipo kompyuta ya kwanza ilipotufikia, yenye skrini nene kama televisheni, na mimi ndiye niliyetumwa kujifunza kuitumia kwa sababu wengine waliiogopa.

Tulichapa pia vitabu vya watu waliokataliwa Nairobi. Niliwajua hata kabla hawajafungua mdomo. Walipanda ngazi polepole, wamekumbatia mfuko wa plastiki, na jambo la kwanza walilosema ni kwamba watu wa Nairobi hawajui vitabu. Mwalimu mstaafu mmoja wa Othaya aliandika historia ya ukoo wake akajisahau yeye mwenyewe. Mhubiri mmoja alitaka kila neno "Bwana" liwe kwa herufi nene, hata pale alipokuwa akimtaja bwana shamba. Niliwapangia kurasa zao kwa adabu, wakiondoka nikacheka na mwenzangu Wanja mpaka tukashika mbavu. Basi jueni nilikuwa nacheka nini: nyumbani, chini ya godoro langu, na mimi nilikuwa na mfuko kama huo.

Ilikuwa hadithi ya msichana wa mashambani anayempenda kijana mmoja fundi wa redio. Kijana anaitwa Ndirangu. Anaondoka kutafuta maisha, msichana anangoja, na mwishoni Ndirangu anarudi na gari jeupe. Niliipeleka kwa kampuni moja ya vitabu Nairobi, nikangoja mpaka nikaanza kuona aibu kumuuliza mtu wa posta. Siku moja wakaniita.

Mhariri alikuwa mama wa makamo, ametupia sweta mabegani. Alinikaribisha vizuri. Akaniambia, "Muthoni, unajua kusimulia. Lakini sisi tunauza kwa shule. Mwalimu mkuu gani atanunua kitabu cha msichana anayemdanganya mamake ili aende kuonana na mwanamume? Huyu msichana mrudishe shuleni, apite mtihani."

"Na Ndirangu?"

"Awe mjomba wake. Anamlipia karo."

Nilihisi kama amenivua nguo. Nilianza kukusanya karatasi zangu pale pale mezani. Yeye akaendelea kufunua kurasa za mwisho, kalamu mkononi. "Na hapa, hebu niambie. Huyu kijana kwa nini anarudi? Mimi sijaona kitu kinachomrudisha. Ukikubali, tutakaa mimi na wewe mstari kwa mstari, nikuonyeshe." Nilikuwa nimeshakasirika kwa ajili ya mjomba, na mtu aliyekasirika hasikii la pili. Nilizichukua karatasi mkononi mwake, nikashuka ngazi. Njiani kurudi Nyeri nilikuwa nikijiambia kwamba watu wa Nairobi hawajui vitabu.

Mzee Githinji alinikubalia nichape mwenyewe, mashine ikipata nafasi kati ya kazi moja na nyingine, anikate kidogo kidogo kwenye mshahara. Aliniuliza swali moja tu. "Nani amekusomea?"

"Nimejisomea mwenyewe, Mzee. Hiyo si ndiyo kazi yangu?"

Alinitazama juu ya miwani yake. "Kazi yako ni kusomea watu wengine," akasema, akarudi kwenye mashine.

Sasa sikilizeni kidogo mambo ya kazi, maana bila hayo hamtaelewa kilichonipata. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi moja kubwa hupigwa chapa pande zote mbili, ikakunjwa mara tatu, ikawa kurasa kumi na sita. Huo tuliuita mkunjo. Unaweka marundo ya mikunjo juu ya meza ndefu kwa utaratibu, mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha mnazunguka meza mkiokota mmoja mmoja mpaka kitabu kitimie, ndipo kinakwenda kwenye gundi.

Wiki tuliyokuwa tukikunja hadithi yangu, tulikuwa pia tukikunja kijitabu cha chama cha ushirika cha maziwa cha kule kwetu Mukurweini. Kilihusu usafi wa kukamua na ugonjwa wa kiwele. Kazi zote mbili nilikuwa nimezipanga mimi. Kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuona jina langu kwenye jalada, nilitumia mpango uleule wa kurasa kwa vyote viwili, herufi zilezile, karatasi ileile. Juu ya ukurasa sikuweka jina la kitabu, nambari tu. Rundo la mkunjo wa tatu wa ng'ombe likakaa mahali pa rundo la mkunjo wa tatu wa mapenzi, na la mapenzi likaenda kwa ng'ombe. Tulizunguka meza mimi na Wanja tukiimba nyimbo za kwaya. Hakuna aliyeona. Nambari zilifuatana vizuri kabisa.

Wiki kadhaa baadaye, vitabu vyangu vikiwa vimeshafika madukani, siku ya mkutano wa wafugaji mimi ndiye niliyetumwa kupeleka maboksi ya vijitabu, kwa kuwa ni nyumbani. Nilifurahi. Wazee walikuwa wamejaa kwenye viti vya ukumbi wa kanisa, akina mama wamevaa vitambaa vyao vizuri vya kichwa, na mamangu alikuwa ameketi mstari wa pili, mkoba umelala mapajani. Mamangu alikuwa mtu wa chama cha akina mama wa kanisa, mtu wa maneno machache, ambaye watoto wa majirani waliacha kupigana wakimwona anapita.

Daktari wa ng'ombe alikuwa kijana wa Machakos aliyeletwa na serikali. Hakujua Gikuyu, kwa hiyo mikutano yake ilikuwa ya Kiswahili, na ndiyo maana kijitabu kiliandikwa Kiswahili. Akafungua nakala ya juu kabisa, sehemu ya kukamua, akaanza kuwasomea wasiojua kusoma. Alisoma haraka, sauti moja, kama mtu anayesoma matangazo. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nikihesabu maboksi. Nikamsikia akisema:

"Mkamuaji amsogelee ng'ombe polepole, bila kelele, kisha amshike kiunoni. Akamnong'oneza, 'Usiogope. Nyumbani wanajua uko kwaya.'"

Yalikuwa maneno yangu. Yeye hakusikia alichokisoma. Akaendelea, "Msichana akafumba macho. Pumzi ya Ndirangu ilinukia sukari nguru..."

"Daktari," mzee mmoja akainua mkono. "Rudia hapo. Amshike wapi?"

"Kiunoni," daktari akasema, kisha akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Ng'ombe iko na kiuno?" mama mmoja wa nyuma akauliza. "Yangu imenyooka tu kama pipa."

"Na hiyo kwaya ni ya kanisa gani?" mwingine akadakia, na ukumbi mzima ukalipuka. Watu walicheka mpaka wakainama. Mama mmoja alivua kitambaa chake cha kichwa akajifuta machozi. Wanaojua kusoma wakafunua nakala zao na kuanza kuwasomea waliokaa karibu nao, na kila kona nikasikia maneno yangu, yale niliyoyaandika nikiwa peke yangu, yakitoka kwenye midomo ya watu walioniona nikibatizwa.

Mamangu hakucheka. Alikuwa amekaa wima, anaangalia mbele.

Mwenyekiti akagonga meza. "Nyamazeni! Daktari, hii ni mambo gani unasomea wazee na wamama? Sisi tulikuita hapa juu ya maziwa."

"Mwenyekiti, mimi nasoma vile imeandikwa."

"Hapana. Hiyo kitabu tulikubaliana ni ya ng'ombe. Wewe ndiye ulipeleka maneno kwa printa. Wewe ni kijana hujaoa, hii imetoka kwa kichwa yako. Sisi tutaandikia mkubwa wako, uende ukafundishe hiyo kwenu."

Yule kijana alishikwa na kigugumizi. Mimi nilikuwa pale mlangoni, nyuma ya maboksi, na mdomo wangu ulikataa kufunguka. Nawaambia kama ilivyokuwa. Nilitaka ardhi inimeze, lakini kabla ya hapo nilitaka mtu mwingine aseme kitu, mtu yeyote.

Aliyesimama ni mamangu. Aliuweka mkoba wake kwenye kiti kwanza.

"Mwenyekiti, wachana na daktari. Hiyo maneno si yake. Ni ya msichana yangu, ule pale kwa mlango. Anaandika kitabu. Hizi karatasi zimeingiliana huko kwa kazi." Akawageukia watu. "Yeye ndiye aliandika, na mimi ndiye nilimzaa. Kama kuna maneno, ambieni mimi."

Kicheko kilikatika. Akaketi, akauchukua mkoba wake, akauweka tena mapajani. Mkutano uliendelea kwa mdomo, bila kijitabu. Mimi nilibeba maboksi yangu nje moja moja, na hakuna aliyenisaidia wala aliyenitazama, jambo ambalo lilikuwa wema.

Tulitembea nyumbani pamoja, yeye mbele mimi nyuma, tukipita kwenye mashamba ya kahawa. Tuliongea Gikuyu, nawaandikia kwa Kiswahili. Tulikuwa tumeshavuka mto ndipo aliposema:

"Kwaya ilikuwa Alhamisi."

"Ndiyo, Mama."

"Wewe ulikuwa unaenda Jumanne pia."

"Tulikuwa na mazoezi ya ziada, Mama."

"Mwalimu wa kwaya alikuwa anakunywa chai kwangu kila Jumanne."

Nilikuwa mwanamke mzima, na kazi na mshahara, lakini masikio yangu yaliwaka moto kama ya mtoto. Tukapanda mlima kidogo. Akasimama kupumzika, hakugeuka.

"Na yule kijana wa redio, alienda wapi?"

"Alioa Naro Moru."

"Na kwenye kitabu?"

"Kwenye kitabu anarudi. Na gari."

Mama alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Ile ya kwaya ni kweli, ndiyo maana watu wamecheka vile. Lakini hiyo ya kurudi umedanganya. Anarudi kufanya nini?" Akaanza kutembea tena.

Lilikuwa swali lile la mhariri. Nililikataa ofisini Nairobi, kwenye kiti cha wageni, mlango ukiwa umefungwa, tukiwa wawili tu. Likanifuata mpaka kwetu, baada ya kijiji kizima kunisikia.

Kesho yake nilimwambia Mzee Githinji kila kitu. Hakupiga kelele. Alichukua kitabu changu, akakifungua mahali Ndirangu anaponyoosha mkono kumshika msichana, akasoma ukurasa unaofuata: "mgongoni ili amzoee. Ng'ombe mkali afungwe miguu ya nyuma." Mabega yake yakatikisika mara mbili. Kisha akaniketisha, akanionyesha kitu ambacho alikuwa ameacha kukidai tangu kompyuta ije, akidhani kompyuta inakijua. Kwenye mgongo wa kila mkunjo, pale unapokunjwa, piga alama ndogo nyeusi. Ya mkunjo wa kwanza iwe juu, ya pili chini yake kidogo, ya tatu chini zaidi. Ukiipanga mikunjo yote, alama zinateremka kama ngazi. Mkunjo mmoja ukikosea, ngazi inavunjika, unaona hata ukiwa umesimama mlangoni. Na kila kazi iwe na umbo lake la alama, duara kwa hii, mraba kwa ile. Tangu siku hiyo sikuwahi kufunga kitabu bila ngazi.

Kisha nikaanza kuvikusanya. Maboksi mengine ya vijitabu vya ng'ombe yalikuwa yameshapelekwa nje ya Mukurweini kabla ya mkutano, na vitabu vyangu vilikuwa kwenye maduka machache ya miji ya karibu. Niliingia kila duka na maneno yaleyale: samahani, kina makosa, nitakuletea kingine. Sijui kama mnajua aibu ya kuomba urudishiwe kitu ulichokuwa umebembeleza kinunuliwe. Naro Moru niliingia dukani nikiwa nimejifunika leso mpaka kwenye paji la uso, kwa hofu ya kukutana na mtu na mke wake. Sikukutana nao. Mwenye duka alinirudishia vitabu vyote, havijaguswa, vumbi limekaa juu. Hilo nalo liliniuma kwa namna yake.

Mweiga kulikuwa na mama mmoja wa kuuza viazi, aliyekuwa ameshanunua kimoja, akakataa kabisa.

"Mimi sirudishi."

"Mama, kina makosa. Katikati kuna mambo ya ng'ombe."

"Makosa gani? Ng'ombe yangu ilikuwa na uvimbe kwa kiwele, nikafanya vile imesema, ikapona. Sasa hii ya mapenzi ndiyo sijui iliendaje hapo katikati. Walishikana ama hawakushikana?"

"Walishikana," nikasema, nikiangalia viazi.

"Basi niletee hizo karatasi. Lakini hii ibaki."

Nilimletea. Na wafugaji kadhaa wa kwetu, akina mama hasa, walianza kupanda zile ngazi zetu Nyeri wakiulizia mwanzo na mwisho wa ile hadithi iliyokuwa kwenye kitabu cha maziwa. Walinunua. Wanja alisema huo ni ushindi. Mimi nilikuwa nikijificha nyuma ya skrini ya kompyuta, nikimwachia awauzie.

Jambo moja nililifanya vizuri. Kwa kuwa tulilazimika kuvifungua vitabu na kuvibandika upya, niliupanga upya mkunjo wa mwisho. Niliandika mwisho mwingine. Ndirangu harudi. Msichana anasikia habari zake kwa mtu wa kupita, anamaliza kuchuma kahawa, anarudi nyumbani na kikapu. Safari hii nilimpa Wanja asome, nikampa Mzee Githinji, nikakaa kimya walipokuwa wakisema. Ndiyo maana kwa mjukuu wangu naona ugumu kujibu. Mchapishaji anaweza kumgeuza mpenzi wako awe mjomba. Ukijichapisha, hakuna wa kukuuliza huyo mpenzi amerudi kufanya nini. Mimi nilimkimbia mtu mmoja aliyekuwa tayari kuniuliza, eti kwa sababu alikosea mengine.

Nakala ya kwanza iliyosahihishwa nilimpelekea Mama. Niliiacha mezani kando ya Biblia yake, nikarudi Nyeri bila kusema kitu. Alikuwa msomaji wa polepole, kidole chini ya kila mstari, na Kiswahili alichozoea kusoma kilikuwa cha Biblia tu. Nilirudi baada ya mavuno ya kahawa kwisha. Alikuwa jikoni anakanda unga, na kitabu kilikuwa dirishani, kimefunikwa kitambaa ili moshi usikiguse.

"Nimemaliza," akasema.

"Umeonaje, Mama?"

"Sasa ni kweli." Alikanda kidogo. "Na mahali ulipoandika juu ya Nyange, nililia."

Nyange alikuwa ng'ombe wetu mweupe aliyekufa nikiwa darasa la tano. Nilikuwa nimempa ukurasa mzima.

"Asante, Mama."

"Nyange ana jina. Mbwa ana jina. Hata yule mtu wa kupita anayeleta habari umempa jina." Hakuwa na hasira. Alikuwa akiangalia unga. "Lakini yule mama wa msichana, kutoka mwanzo mpaka mwisho, ni mama tu. Nilisoma nikingoja jina lake. Nikafika mwisho."

Nilishindwa kumwangalia. Nilikuwa nimekisoma kitabu kile mara zisizohesabika, nikakipanga, nikakikunja, nikakibandika kwa mikono yangu, na sikuwa nimeona. Mwanamke aliyesimama mbele ya kijiji chote akasema mimi ndiye nilimzaa, nilimpitisha katika kurasa zote zile akipika na kufua na kungoja, bila kumpa hata jina la kuitwa.

"Vimeshabandikwa, Mama," nikasema. "Lakini nina kalamu. Vilivyobaki nitaandika kwa mkono, kimoja kimoja. Nikuite nani?"

Aliacha kukanda. Mikono imejaa unga, nikamwona, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mkutano, anatabasamu kama msichana.

"Nyaguthii," akasema.

Kwetu Nyaguthii ni mwanamke wa safari, asiyetulia nyumbani. Mamangu hakuwa amewahi kupita soko la Karatina, hapo jirani.